Shingo Iliyosahauliwa

Kwa muda mrefu aliyekufa kwa kiharusi alifunguliwa kichwa, na mara nyingi kifua pia, ila shingo haikuguswa. Daktari wa maiti aliutoa ubongo kwa kuukata chini ya fuvu, akautoa moyo na kipande cha mshipa mkuu wa damu, na zile sentimita chache za katikati akaziacha zilivyo. Huko Marekani kulikuwa na sababu ya ziada ya kuziacha: waandaaji wa maiti walitaka mishipa ya shingo ikiwa mizima, maana ndimo walimopitishia dawa ya kuhifadhi mwili kabla ndugu hawajaja kuaga. Basi ripoti zikajaa habari za ubongo uliolainika na moyo uliotanuka, na njia iliyounganisha viungo hivyo viwili haikuandikiwa neno.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuitupia jicho. Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen nchini Uswisi, alichapisha mwaka 1658 kitabu kuhusu watu walioanguka ghafla na kupooza. Alionyesha kuwa baadhi yao walivuja damu ubongoni, na akasema pia kwamba damu ikizuiwa kufika kichwani mtu huweza kuanguka vilevile. Miaka 6 baadaye Thomas Willis wa Oxford akaeleza duara la mishipa iliyo chini ya ubongo, ambalo hadi leo lina jina lake. (Baadhi ya michoro ya kitabu chake ilitoka mkononi mwa Christopher Wren, yuleyule aliyesanifu kanisa kuu la St Paul's jijini London.) Willis alisimulia kisa cha mtu mmoja ambaye karotidi yake, yaani ateri kubwa ya mbele ya shingo, ilikuwa imeziba upande mmoja, lakini aliishi bila dalili yoyote ya ubongo hadi alipokufa kwa maradhi mengine. Duara lilimwokoa, damu ilizunguka ikaingilia upande wa pili. Kisa ni cha kweli na ni cha thamani, ila nadhani kiliwatuliza madaktari kupita kiasi. Kama mtu aweza kuishi na karotidi iliyoziba, nani atahangaika na shingo?

Ugonjwa wenyewe ulipata maelezo yake polepole. Rudolf Virchow, Mjerumani, alieleza katikati ya karne ya 19 jinsi damu inavyoganda ndani ya mshipa na jinsi kipande cha bonge hilo kinavyoweza kung'oka, kikasafiri na kuziba mbele ya safari. Mwaka 1904 Felix Marchand akaupa ugonjwa wa kuta za ateri jina la atherosklerosi: mafuta, seli, nyuzi na baadaye chokaa hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa hadi ukawa na utando mnene. Utando huo haukai popote tu. Hupenda mahali mishipa inapogawanyika, ambapo mkondo wa damu huvurugika, na mahali mojawapo ni pale karotidi inapogawanyika njia mbili, chini kidogo ya pembe ya taya. Mwaka 1914 James Ramsay Hunt wa New York aliwasihi wenzake wapapase mapigo ya shingo kila wanapompokea mgonjwa aliyepooza nusu ya mwili. Wengi hawakumsikiliza.

Aliyewafanya wasikilize alikuwa Mkanada, Charles Miller Fisher. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la majini; mwaka 1941 meli yake, HMS Voltaire, ilizamishwa na Wajerumani, naye akakaa kifungoni miaka zaidi ya mitatu. Aliporudi Montreal alikuwa na subira ambayo madaktari wengi hawana: alikaa kitandani pa mgonjwa na kumwacha azungumze. Mgonjwa mmoja aliyepooza upande wa kushoto alimweleza jambo lililoonekana kupingana. Kabla ya kupooza, jicho lake la kulia lilikuwa likipoteza uwezo wa kuona kwa dakika chache, kisha linarudi. La kulia, si la kushoto.

Daktari wa haraka angedhani mzee amechanganya pande. Fisher alichukua maelezo kama yalivyo. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kushoto. Jicho la kulia, kwa upande wake, hulishwa na tawi la karotidi ya kulia. Mahali pekee ambapo hitilafu moja ingeweza kulifumba jicho la kulia na kuupooza mkono wa kushoto ni kwenye karotidi ya kulia yenyewe, kabla haijaingia kichwani. Fisher akaenda chumba cha maiti na kuomba wafungue pale ambapo hapakuwa na desturi ya kufunguliwa. Alikuta mishipa iliyoziba. Makala yake ya mwaka 1951 ilieleza hayo yote, ikataja zile dalili za kupita ambazo hukitangulia kiharusi kama onyo, na ikabashiri kwamba siku moja wapasuaji watapata njia ya kulizibua tatizo hilo.

Hawakukawia. Timu ya Buenos Aires ilimpasua mgonjwa mwaka huohuo wa 1951. Michael DeBakey alifanya upasuaji wake Houston mwaka 1953. Uliovuma zaidi ni ule wa Mei 1954 katika hospitali ya St Mary's, London, kwa sababu Eastcott, Pickering na Rob waliutangaza mapema katika jarida la Lancet. Mwanamke wa miaka 66 aliyekuwa akipatwa na mashambulizi ya kupita, mara kwa mara, aliondolewa kipande kilichoziba, ncha za mshipa zikaunganishwa, na mashambulizi yakakoma.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo historia yote iliyobaki inalizunguka: utamjuaje wa kupasuliwa angali hai? Kumfungua maiti wa Montreal hakukumsaidia aliyekuwa wodini. Kulikuwa na angiografia, iliyobuniwa na Mreno Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927: dawa inayoonekana kwenye eksirei hupigwa ndani ya ateri, kisha picha hupigwa haraka. Picha zilikuwa nzuri. Lakini zilidai sindano ndani ya ateri ileile yenye utando, na baadhi ya wagonjwa, wachache lakini wa kutosha kumnyima daktari usingizi, walitoka mezani na kiharusi walichokuja kukikwepa. Hukuweza kumfanyia kila mtu, wala kumrudia mtu yuleyule kila baada ya miezi sita.

Jibu lilianza kwa masikio. Mwaka 1842, mjini Prague, Christian Doppler alikuwa ametoa hoja kwamba mawimbi hubadilika kasi ya mitetemo yake chanzo kinaposogea karibu au mbali. Yeye aliwaza rangi za nyota pacha, na kuhusu rangi hizo hakuwa sahihi sana, lakini kanuni ilikuwa sahihi. Miaka 3 baadaye Buys Ballot wa Uholanzi aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuwapanga wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize noti ikipanda na kushuka.

Zaidi ya karne ikapita kabla mtu hajaielekeza kanuni hiyo kwenye damu. Mtu huyo alikuwa Shigeo Satomura, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Osaka. Katikati ya miaka ya 1950 alianza kupeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu kwenye moyo na kupokea mwangwi wake. Kisha akaelekeza kifaa kwenye ateri, akasikia mvumo uliopanda na kushuka na mapigo. Mwanzoni alidhani unatokana na msukosuko wa damu. Baadaye ikaeleweka kwamba ni chembe nyekundu zenyewe zinazorudisha mwangwi zikiwa mwendoni. Akishirikiana na Ziro Kaneko, daktari wa ubongo na akili, alisikiliza karotidi za watu walio hai, bila sindano wala eksirei. Satomura alifariki mwaka 1960, kabla hajaona kazi yake inafika wapi, na vitabu vingi vya Magharibi humpa mstari mmoja tu. Ni uchoyo.

Kuna bahati ya ajabu katika fizikia hii. Ukitumia mawimbi ya mitetemo milioni 5 kwa sekunde, na damu ikaenda mita 1 kwa sekunde mbele ya kifaa kilicholazwa kwa nyuzi 60, tofauti kati ya sauti iliyokwenda na iliyorudi huwa kama mitetemo 3,250 kwa sekunde. Hiyo ni sauti ambayo sikio la mtu husikia vizuri kabisa. Hakuna tarakilishi iliyohitajika, spika ilitosha. Ateri nzima hutoa mvumo laini wenye pumzi ndani yake, na ateri iliyobanwa hutoa mlio mwembamba, mkali, unaokwaruza. Sababu ni ile inayojulikana na kila aliyebana kwa kidole mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani: maji ni yaleyale, njia imekuwa ndogo, basi yanachomoka kwa kasi.

Nchini Marekani kazi ilishika kasi mjini Seattle. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Robert Rushmer alikusanya wahandisi na madaktari chini ya paa moja, na Donald Baker akatengeneza Dopla (kifaa kinachotumia kanuni ya Doppler) inayotuma mawimbi kwa mapigo mafupimafupi, ili mtu aweze kuchagua kina anachotaka kusikiliza. Eugene Strandness, mpasuaji wa mishipa, ndiye aliyeisukuma ifike kwa mgonjwa. Wakati huo picha za altrasaundi, zinazochorwa kwa mwangwi wa mawimbi hayohayo ya sauti, zilikwishaanza kutumika: Edler na Hertz walikuwa wameutazama moyo mjini Lund mwaka 1953, kwa mashine iliyokuwa ikitafuta nyufa kwenye vyuma vya meli, na Ian Donald wa Glasgow alikuwa ametazama mimba. Watu wa Seattle walidhani picha ya shingo ingetosha. Haikutosha, na sababu yake ni ya kukumbukwa: katika picha, damu inayotembea ni nyeusi, na bonge bichi la damu pamoja na utando laini wa mafuta navyo ni vyeusi. Mshipa ulioziba kabisa uliweza kuonekana mzima wa afya, wazi kama barabara ya alfajiri isiyo na gari. Macho yalidanganywa, sikio halikudanganyika, kwa kuwa penye kuziba hapana sauti.

Ndipo wakaunganisha vitu viwili katika mashine moja, picha ya kuonyesha mahali na Dopla ya kusema kama damu inapita na kwa kasi gani. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1974. Rangi nyekundu na bluu tunazoziona leo kwenye kioo ziliongezwa na Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni nzuri, zinaharakisha kazi, lakini uamuzi bado hutegemea ile kasi.

Kasi nayo ina mitego. Mashine haipimi kasi moja kwa moja. Huikokotoa kutokana na pembe ambayo mpimaji ameiweka kwa mkono wake. Pembe halisi ikiwa nyuzi 60, naye akaweka 65, mashine itamzidishia mgonjwa kasi kwa karibu asilimia 18. Hiyo inatosha kumhamisha mtu kutoka kundi la vidonge hadi kundi la kisu. Kwa miaka mingi kila maabara ilikuwa na viwango vyake, na mgonjwa aliyebadilisha hospitali aliweza kubadilishiwa ugonjwa. Oktoba 2002 wataalamu wa Marekani walikutana San Francisco wakakubaliana: kasi ya juu ikivuka sentimita 125 kwa sekunde, na utando ukionekana, hesabu kwamba mshipa umebanwa nusu au zaidi, ikivuka 230, umebanwa asilimia 70 au zaidi. Ni makubaliano ya kibinadamu, si sheria ya maumbile, na mpimaji mwenye busara huyasoma hivyo.

Kwa nini 70? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Kufikia mwaka 1985 upasuaji wa karotidi nchini Marekani ulikuwa umepita 100,000 kwa mwaka, na hakuna aliyekuwa na ushahidi thabiti kwamba unasaidia. Henry Barnett, bingwa wa ubongo katika mji wa London ulioko Ontario, Kanada, aliuliza swali hilo hadharani na akawaudhi wapasuaji wengi. Kisha akaongoza jaribio lililoitwa NASCET. Wagonjwa 659 waliokuwa wamepata kiharusi au dalili za kupita, na wenye mshipa uliobanwa kati ya asilimia 70 na 99, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dawa pekee, wengine dawa na upasuaji. Mwaka 1991 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Katika miaka 2, asilimia 26 ya waliopewa dawa pekee walipata kiharusi upande uleule. Kati ya waliopasuliwa ilikuwa asilimia 9. Barnett, aliyeingia akiwa na shaka, ndiye aliyewapa wapasuaji uthibitisho wao. Baadaye ikaonekana pia kwamba faida kubwa iko katika wiki mbili za kwanza baada ya dalili, jambo lililoifanya altrasaundi iwe kipimo cha siku ileile, si cha kupangiwa mwezi ujao.

Huo ndio mwisho wa upande mmoja wa hadithi, upande wa mshipa uliobanwa. Upande wa pili ulianzia Milan. Mwaka 1986 Paolo Pignoli na wenzake walionyesha kwamba ukuta wa karotidi, kwenye picha ya altrasaundi, hutoa mistari miwili inayokwenda sambamba, na kwamba umbali kati ya mistari hiyo unalingana na unene wa tabaka mbili za ndani za mshipa ukipimwa kwa darubini. Unene wenyewe haufiki milimita moja kwa watu wengi. Ghafla watafiti wakawa na namba ya kufuatilia kwa mtu ambaye hajaugua. Mwaka 1999 utafiti wa Wamarekani 4,476 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea ulionyesha kuwa wenye ukuta mnene walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Kliniki zikaanza kupima unene huo kwa kila aliyelipa.

Mimi naona hapo shauku ilikimbia mbele ya akili. Ukuta hunenepa kwa umri na kwa shinikizo la damu hata pasipo mafuta, na kosa la sehemu ya kumi ya milimita linatosha kumtisha mtu bure. Mwaka 2012 uchambuzi mkubwa uliochapishwa na jarida la JAMA ulikuta kwamba ukishajua umri, presha, kolesteroli na uvutaji sigara wa mtu, namba ya unene inaongeza kidogo sana. Mwaka uliofuata mwongozo wa Marekani ukashauri isipimwe kama desturi. Kilichodumu ni utando wenyewe: uko au haupo, una ukubwa gani, unang'aa au ni mweusi. Mkutano wa Mannheim wa mwaka 2004 ulikwisha kutenganisha mambo hayo mawili, ukisema utando ni uvimbe unaojitokeza ndani ya njia ya damu kwa angalau nusu milimita, au wenye unene unaozidi milimita 1.5. Utando mweusi kwenye picha, wenye mafuta mengi na nyuzi chache, huelekea zaidi kupasuka kuliko ule wa chokaa unaong'aa, ingawa wa chokaa ndio humwogofya mgonjwa akiuona kwenye kioo.

Afrika Mashariki iliingia katika masimulizi haya ikiwa imechelewa, na kwa sababu inayoeleweka. Madaktari wa enzi ya ukoloni waliamini kwamba ateri za Mwafrika hazipatwi na ugonjwa huu. Mwaka 1956, Hugh Trowell wa Kampala aliona kisa kimoja cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika kuwa jambo la kuandikiwa makala. Mambo yakageuka. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta visa vipya vya kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika wilaya ya Hai, na 315.9 Dar es Salaam, umri ukiwa umesawazishwa. Wakazi wa jiji hilo walipigwa kuliko watu wa nchi nyingi tajiri. Baadaye mradi wa AWI-Gen ulizipima kwa altrasaundi karotidi za watu zaidi ya 8,000 wa makamo kutoka Afrika Kusini, Ghana, Burkina Faso na Kenya. Wa Kenya walitoka Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi. Umri na shinikizo la damu vilikuwa vimeacha alama zao ukutani kama kwingineko duniani.

Hata hivyo shingo haimalizi habari kwa mgonjwa wa huku. Sehemu kubwa ya viharusi vyetu ni vya presha: damu kuvuja ndani ya ubongo, au vimishipa vidogo kuziba kwa kina ambako altrasaundi haifiki. Ndiyo maana picha ya CT ya kichwa hutangulia, na karotidi hufuata ikithibitika kwamba ni kuziba na si kuvuja. Pia imejulikana kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia atherosklerosi hupenda zaidi mishipa iliyo ndani ya fuvu, wakati kwa Wazungu hupenda shingo. Shingo safi, basi, haimwondolei mgonjwa tuhuma.

Kwa mishipa hiyo ya ndani kuna kazi ya Rune Aaslid, mhandisi wa Kinorwe aliyekuwa Bern. Mwaka 1982 alionyesha kwamba mawimbi mazito, ya mitetemo milioni 2 kwa sekunde, hupenya mfupa mwembamba wa panja, mbele kidogo ya sikio, na kurudi na sauti ya ateri za ubongo. Matunda makubwa ya ugunduzi huo hayahusu mafuta hata kidogo bali selimundu. Mwaka 1998 jaribio la Marekani liliwachukua watoto 130 wenye selimundu ambao kasi ya damu yao kichwani ilifika sentimita 200 kwa sekunde. Kati ya walioachwa na matibabu ya kawaida 11 walipata kiharusi, na kati ya walioongezewa damu mara kwa mara alipata mmoja. Bugando, Mwanza, kipimo hichohicho kimetumika kuwachagua watoto wa kupewa dawa ya hydroxyurea, kwa kuwa damu ya kuongezewa kila mwezi haipatikani.

Kwa wazee wa kiharusi mambo ni magumu zaidi. Mfupa wa panja hunenepa kwa umri, hasa kwa wanawake, na wapo ambao mawimbi hayapenyi kabisa, kushoto wala kulia. Mpimaji hugeuza kifaa, huongeza nguvu, hubadilisha pembe, na kwenye spika hausikiki ila mchakacho mtupu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hubaki CT ya mishipa, kama hospitali inayo na kama figo zake zitaistahimili dawa yake ya kuonyesha mishipa.